Kioo kwenye Mashine ya Risasi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama umwambie bosi kosa ambalo hajaliona. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani katika duka la bunduki la Mzee Ramji, mtaa wa Mchafukoge, Dar es Salaam, nikimsaidia kujaza risasi za kuwindia kwa mashine ya mkono. Siku moja baruti ilikwama kwenye bomba lake, nikashuku nimefunga risasi moja bila baruti ndani. Sanduku lilikuwa tayari kwa mteja wa kuwinda nyati, na bunduki isipolia mbele ya nyati, mtu hufa. Nikamwambia Mzee Ramji.

"Karani, umeniharibia asubuhi," akanung'unika, akazifungua zote. Tukaipata. Mchana akatoboa bomba la baruti la ile mashine, akaweka kidirisha cha kioo.

"Haya, bwana mwoga, sasa utaiona ikishuka."

Mwambie kesho, mama, ukishakunywa chai.

Babu yako