Ng'ombe Wasije Jumapili

Sindo,
Jumatatu asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yafuate. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Mama Mdogo Nyarangi, bado anagombania kivuli na wenzake pale sokoni Migori? Mimi nipo. Ukiniuliza kama ni mzima nitashindwa kujibu, ila nakula, nalala, na watoto wa gredi ya nne wananiita mwalimu kama kawaida. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hukaa kwenye spika, na jambo hili ni lako peke yako.

Uliuliza daktari wa Homa Bay alisema nini hasa. Unakumbuka tulivyohangaika: mara malaria, mara taifodi, mara upungufu wa damu, na kila kipimo kikarudi safi. Wewe ukasikia moyo wangu unavyokwenda mbio, ukasema hiyo ni presha iliyomchukua Nyanya, ukaninyima chumvi mwaka mzima. Nilikula mboga kama ng'ombe. Sikulaumu, mapenzi ndiyo yalikusukuma.

Daktari Jerusha hakuanza na sindano. Aliniuliza ni wakati gani hasa ninapoanguka. Nikamweleza kwamba ni nikisimama: kwenye gwaride la shule, kwenye foleni, kwenye maombi marefu. Nikilala, yanapita. Akanilaza kitandani, akapima presha na mapigo, kisha akanisimamisha na kupima tena na tena kwa dakika kumi. Presha haikushuka, lakini mapigo yalitoka sabini na kitu yakapita mia na thelathini, nami nimesimama tu. Akasema damu hubaki miguuni, moyo unakimbia kuifuata. Alisoma majibu yangu yote ya nyuma, akapima moyo kwa mashine, ndipo akautaja ugonjwa: POTS. Si kifafa, si pepo, wala si uvivu. Na dawa ya kwanza, Mama, ni maji mengi na chumvi. Nilidhani nitacheka au nitalia. Sikuhisi chochote. Nikauliza choo kiko wapi.

Najua habari hii ilivyokufurahisha. Mzee Omosa, esigani wa kina Okari, aliyetumwa kuchunguza ukoo wetu kabla ya ndoa, aliniona nikianguka kwenye makambi ya kanisa Kendu Bay akapeleka neno kwamba kwetu kuna kifafa, na uchumba wangu na Okari ukavunjika. Sasa umempelekea maneno ya daktari, ameomba radhi, na Okari amesema ng'ombe wa mahari wataletwa Jumapili. Alinipigia mwenyewe. Alisema siku zote alikuwa akiniombea. Nilimsikiliza kama tangazo la redio.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile makambini, maombi ya kufunga Sabato yaliporefuka, macho yaliingia giza na miguu ikaniacha, lakini masikio hayakuzimika. Nililala kwenye nyasi nikisikia kila kitu. Nilisikia kina mama wakisogea kuniinua. Nikamsikia Okari, karibu kabisa na kichwa changu, akiwaambia wasiniguse, kwamba mate ya kifafa huambukiza. Kisha nikasikia viatu vyake vikirudi nyuma. Aliyekuja ni Zilpah, anayeuza samaki wa kukaanga pale langoni, na hata si wa kanisa letu. Alikaa chini, akakilaza kichwa changu mapajani mwake hadi nikaona mwanga. Alikuwa ananuka mafuta ya samaki.

Daktari amesema chumvi itasaidia, lakini huenda nikaanguka tena. Nimefikiria nitaangukia miguuni pa nani. Sina hasira, Mama. Natamani ningekuwa nayo. Ninachojua ni kwamba Okari sitaolewa naye. Najua umeshawaambia watu wa kanisa, na aibu itakuwa yako kabla ya kuwa yangu; nisamehe kwa hilo.

Ng'ombe wasije Jumapili. Mwambie Mzee Omosa kwamba hata sisi tulikuwa tunachunguza, na tumemaliza.

Msalimie Mama Mdogo, lakini barua hii usimsomee. Shule zikifungwa nitakuja. Siku hiyo tia chumvi kwenye mboga.

Ni mimi mwanao,
Emmah Mokeira