Nusu ya Kichwa

Bibi Maneno,

Chakula chako kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe moto. Mashuka yaliyo kwenye beseni usiyaguse, baba yako atayakamua akirudi. ~~Nimeenda sokoni.~~ Nimefuta hapo, ni uongo. Nimerudi kliniki. Mikono imegoma tena.

Sasa kuhusu asubuhi. Nilipokuwa nakusuka nilikugombeza kwamba unatikisika, nikakuchapa begani kwa kitana. Hukuwa unatikisika, mwanangu. Ni vidole vyangu. Vilikuwa vinawaka moto, kitana kikanidondoka mara mbili, nikaona aibu, nikakusingizia wewe. Ukaenda shule nusu ya kichwa haijasukwa, umejifunika kofia ya sweta.

Daktari alishaniambia maumivu haya hayaondoki, nitaishi nayo. Nifanye kazi kidogo kidogo, nipumzike kabla hayajanizidi. Lakini jana niliamka mzima! Basi nikajifanya shujaa, nikafua mashuka ya nyumba nzima kwa siku moja. Leo nimekiona cha mtema kuni.

Shangazi yako atakuja saa kumi kukumalizia. Mtolee kigoda, na mafuta yako juu ya kabati.

Tangu nilipokuchapa hukusema neno hata moja, wewe ambaye hunyamazi hata ukiwa unakula. Nilikusikia umebana pumzi ili nisikuone ukisogea.

Kwa shangazi usijibane hivyo. Piga soga, geuka geuka, mchoshe.

Pumua, mwanangu.

Mama yako