Kweli, Nilichukua

Magongo, 4 Juni 2024

Ami yangu Yeslam,

Shikamoo. Waonaje miguu? Na masikio, daktari amesemaje? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimefikwa na neno. Ningepiga simu, lakini hunisikii, na hili si jambo la kupigia kelele.

Jana nilitafsiri kortini, huu mwezi wangu wa pili tu. Mshtakiwa ni mama wa Kigiriama, Dama, fundi wa nguo. Alichukua cherehani ya mwenzake, Purity, ashone sare za shule wagawane faida, na mpaka leo hajairudisha. Mashtaka, kwa Kiingereza, yalisema alikusudia ku-defraud. Nikamwona mama wa watu atetemeka, nikamlainishia: "Washtakiwa kuwa ulichukua cherehani ya Purity." Akajibu upesi, "Kweli, nilichukua." Nikamwambia hakimu amekiri. Akapelekwa rumande, Jumatatu ahukumiwa.

Alipokuwa akitolewa aliniambia, "Mwenye nyumba ameifungia ndani kwa sababu ya kodi. Ningeirudishaje?"

Ami, nimekosea? Na nikisema, kazi itabaki? Wewe ulikuwa mkalimani wa korti miaka thelathini. Nifanyeje?

Mwanao,
Fairuz

Mtongwe, 6 Juni 2024

Mwanangu Fairuz,

Marahaba. Miguu yaenda polepole. Masikio yalikwenda zamani na hayana nia ya kurudi.

Umekosea, tena kosa kubwa. Neno hilo si kuchukua. Mwenye kuazima huchukua, mwizi huchukua, hata mke wangu huchukua mfukoni mwangu akidhani simwoni. Si kupunja, hilo ni la mizani. Ni kulaghai: umwendee mtu na uongo ulioutunga, akuamini, akupe chake kwa mkono wake mwenyewe. Pasipo uongo, halipo. Na huyo mama, uongo wake u wapi?

Huruma yako ndiyo iliyomtia ndani. Mkalimani hana ruhusa ya kulainisha. Jumatatu simama kabla hakimu hajafungua mdomo, useme kosa ni lako. Kazi ikienda, riziki haina mlango mmoja. Usimfunge mtu kwa kunyamaza, wallahi nitakukasirikia.

Ami yako,
Yeslam

Magongo, 25 Juni 2024

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idd Mubarak iliyochelewa. Nisamehe kwa kimya, hata sikukuu sikuja. Sikuwa na uso wa kuja kabla sijajua mwisho wake.

Nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa, kosa ni langu, si la mshtakiwa." Hakimu akaniamuru nisome mashtaka upya, nikasema kulaghai. Dama akaruka: "Kumlaghai Purity? Mimi? Haki ya Mungu, sikumlaghai!" Akaeleza habari ya kodi, na Purity ndio kwanza aisikie. Hakimu akafuta kukiri kwake, akamwachilia kwa dhamana. Purity mwenyewe akaenda na mzee wa mtaa kwa huyo mwenye nyumba, cherehani ikatoka. Ijumaa ameondoa kesi.

Mimi nilisimamishwa wiki mbili na barua ya onyo juu. Jana nimerudi kazini.

Asante, Ami. Asante kwa kunikaripia, ungenibembeleza ningenyamaza. Dama amekupindia ncha za kikoi, nimekifunga pamoja na barua hii. Asema hakujui, lakini akuombea.

Mwanao,
Fairuz

Mtongwe, 27 Juni 2024

Mwanangu Fairuz,

Marahaba, na sikukuu njema nawe. Kikoi nimekivaa leo, na mke wangu hanipi raha kwa utani. Mshukuru sana Dama.

Lakini sasa nikwambie kwa nini nilikuwa mkali. Mwaka wa tisini na moja palikuwa na kijana, Nzai, mchuuzi wa nazi. Neno lilo hilo nilimgeuzia kuwa kuchukua. Naye akasema, "Kweli, nilichukua." Nilitambua kosa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikaiogopea kazi, nikanyamaza. Alifungwa miaka miwili. Miaka yote hii sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Nakushukuru, mwanangu, kwa kusimama mahali nilipokaa. Umenipa moyo.

Nzai yu hai, yuko Kisauni. Nimemtumia salamu, amekubali nije. Jumapili njoo unishike mkono twende. Mimi nitasema, yeye atajibu, nami sitasikia. Utaniandikia kwenye karatasi kila atakalosema.

Usinilainishie hata neno.

Ami yako,
Yeslam