Dizeli ya Kijani Katika Gari la Nuala Ginty

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Kilnabrack, Kaunti ya Mayo, Ireland
Jumatatu, tarehe 20 Mei 2013

Jina: Attracta Lavelle
Umri: Miaka 67
Kazi: Mfugaji wa kondoo
Makazi: Carrowmoyle, Kilnabrack
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Colm Ruttledge

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mjane, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Sajenti ameniuliza kama nimekuja kulalamika au kukiri. Nimemjibu kwamba nimekuja kudai kazi yangu. Kuna gari liliwashwa Jumamosi baada ya wanaume wawili kushindwa. Aliyeliwasha ni mimi, na kwa sababu ya namna nilivyoliwasha, jirani yangu Nuala Ginty sasa anaitwa mwizi wa kodi.

Nuala nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mawe tu. Mume wake yuko kwenye mitambo ya mafuta baharini huko Norway, anarudi na kuondoka kama mgeni. Nuala ana gari la dizeli la viti saba, na kwa gari hilo huwapeleka shule watoto wote wa upande wetu wa mlima, kwa mkataba. Akipatikana na hatia ya kutia dizeli ya matrekta kwenye gari la barabarani, mkataba huo ataupoteza. Tena atakuwa ameupoteza kwa kosa langu, jambo ambalo sitalikubali nikiwa na pumzi.

Mnamo Jumamosi tarehe 18 Mei 2013, kama saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa zizini nakata kwato za dume langu niliposikia stata ya gari la Nuala. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena kwa muda mrefu zaidi. Injini ilikuwa inazunguka vizuri tu, lakini haishiki. Nikajua pale pale kwamba haipati mafuta. Nikasema moyoni, Fintan keshafanya mambo yake.

Fintan Ginty ni shemeji yake Nuala. Jioni iliyotangulia alijitolea kumbadilishia filta ya dizeli, kwa kuwa gari lilikuwa linakohoa likipanda mlima. Ni mtu mwema, sitamsema vibaya mbele ya polisi. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na Fintan huvuma tangu Januari hadi Desemba.

Siku yenyewe ilikuwa ya Komunyo ya kwanza, misa saa tano. Binti wa Nuala, Dervla, ana miaka minane na alikuwa miongoni mwa watoto hao, na wengine wawili wa jirani wangepanda gari hilo hilo. Sajenti ana mabinti, anajua siku hiyo ilivyo kwetu: gauni jeupe, shela, viatu ambavyo havitavaliwa tena. Hakuna mama wa parokia hii atakayetaka kumshusha mwanawe mlangoni pa kanisa kutoka gari la kuomba huku lake limekufa uani na watu wote wanajua.

Niliruka ukuta. Ndiyo, niliruka, Sajenti asitabasamu. Nilimkuta Fintan kavaa suti yake, kichwa ndani ya boneti. Pembeni alikuwepo Malachy Feerick, tarishi wetu wa posta, ameegemea gari na kutoa ushauri.

Malachy aliniambia, "Karibu, Bi Attracta. Umekuja kutusomea rozari?"

Nilimwambia, "Nimekuja kuona betri inavyouawa mchana kweupe."

Fintan alisema, "Filta ni mpya, nimeifunga kwa mikono yangu. Hapa stata ndiyo mbovu."

Nilimuuliza, "Uliijaza kabla ya kuifunga?"

"Niijaze nini?"

"Chai, Fintan! Dizeli! Uliifunga kavu?"

Fintan alimtazama tarishi. Tarishi alitazama mlima.

Sajenti amesema hajui habari za injini, kwa hiyo naeleza. Filta mpya ni kopo tupu lenye karatasi ndani. Ukiifunga kavu, hewa inaingia kwenye mabomba, na pampu ya dizeli haiwezi kuisukuma hewa. Unaweza kuzungusha stata hadi Krismasi, usipate kitu ila betri iliyokufa. Haya sikuyasoma popote. Marehemu mume wangu Peadar alikuwa na moyo mkubwa na tanki tupu siku zote. Kila kiangazi trekta lilimzimikia kule kwenye matope tunakochimba mboji ya kukausha na kuchoma kama kuni, na kila kiangazi niliyeinama kulitoa hewa, mvua mgongoni, ni mimi, yeye kashika mwavuli. Miaka thelathini na minne ya ndoa, hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa kazi hiyo.

Nuala alitoka mlangoni, nusu ya nywele zake zimesukwa na nusu zimesimama. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Attracta, litawaka kweli?" Nikamwambia arudi ndani amalizie shela ya mtoto, gari aniachie mimi. Alirudi ndani. Naomba iandikwe wazi kwamba alirudi ndani, na kwamba yaliyofuata hakuyaona wala hakuulizwa.

Mshale wa tanki ulikuwa umelala kwenye nyekundu, kwa sababu Nuala hujaza Jumamosi akienda mjini. Kituo cha mafuta kiko mbali na saa ilikuwa inakwenda. Shambani kwangu dizeli ni ya aina moja tu, ile ya kijani, iliyotiwa rangi na serikali ili ijulikane kuwa ni ya matrekta na haikutozwa kodi ya barabara. Nilichota gudulia la jemu kutoka kwenye pipa langu. Nilichukua spana, nikafungua filta, nikaijaza hadi mdomoni, nikaifunga tena. Kisha nililegeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa na kubinya pampu ya mkono. Kwanza lilitoka povu. Nikaendelea kubinya. Gudulia halikutosha, nikaenda kuchota la pili. Povu likaisha, ikatoka dizeli safi isiyo na hata tone la hewa, nami nikaikaza skrubu.

Malachy aliniuliza, "Nani alikufundisha hayo?"

Nikamwambia, "Njaa. Shika hizi nyaya."

Nilileta trekta langu karibu, tukaunganisha betri kwa betri. Nilimwambia Fintan aingie, azungushe ufunguo nusu tu, angoje taa ya plagi za kupasha injini joto izime, kisha arudie tena kabla ya kugusa stata. Alitaka kujua kwa nini. Nilimwambia ni kwa sababu nimesema mimi.

Stata ilizunguka. Injini ikashika mguu mmoja, ikapiga chafya, ikataka kufa. Nikapiga kelele, "Usimwachie! Mkanyagie kidogo!" Ikatetemeka boneti lote, ikatoa moshi mweupe ambao Malachy aliupokea wote kifuani kwa kuwa alisimama nyuma. Halafu ikatulia, ikanguruma vizuri kabisa. Nilipoliwasha gari lile, Sajenti, nilikuwa mrefu kuliko mnara wa kanisa. Tarishi alivua kofia. Fintan alishuka na kusema, "Shikamoo, fundi," na hakuwa anatania. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, nilitia dizeli, na shida yote imeanzia hapo.

Kwa maana injini ya dizeli haichomi yote inayoivuta. Inayobaki hurudi tankini kwa bomba lake. Tanki lilikuwa karibu tupu, na kijani kidogo ndani ya tanki tupu huonekana kama wino. Nililijua hilo. Siku ile halikunijia kichwani, maana nilikuwa nimelewa sifa.

Walifika kanisani mapema. Dervla alipokea Komunyo yake mikono imeungana, shela imenyooka. Nililia kidogo, sina haja ya kuficha.

Kama saa saba kasorobo, tulipokuwa tunatoka, polisi na maafisa wa kodi walikuwa wamesimama kwenye njia panda wakipima matanki. Nilikuwa na gari langu dogo, magari matatu nyuma ya Nuala. Nilimwona afisa akiinua kichupa juani. Kilikuwa kijani. Nuala alisimama kando ya barabara na kofia yake ya buluu, mtoto wake na gauni lake jeupe pembeni yake, na parokia nzima ikipita taratibu na madirisha wazi. Nuala aliniona. Alinitazama usoni, halafu akageuza kichwa kama hanijui. Askari alinipungia nipite, nikapita. Hatua ile bado inanichoma.

Aliyoyasema Nuala pale nilielezwa jana jioni na Fintan, ambaye alikuwa ndani ya gari la Nuala. Afisa alimuuliza nani amegusa mfumo wa mafuta. Nuala alijibu, "Hakuna. Gari ni langu peke yangu." Fintan alitaka kusema kupitia dirishani, Nuala akamfinya mkono.

Nilikwenda kwa Nuala usiku huo huo nikamkuta anapiga pasi. Nilimuuliza, "Wewe mwanamke, una akili? Kwa nini hukunitaja?"

Alisema, "Nikutaje? Gudulia nililiona juu ya ukuta. Umenifikishia mtoto kanisani, nami nikulipe kwa kukupeleka polisi? Nitasema sijui hadi mwisho. Na wewe usiende."

Sajenti ni mtu wa hapa hapa, anajua kwetu mtu anayemtaja jirani kwa polisi anaitwa nini. Jina hilo halifutiki hata kaburini. Nuala alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kuitwa jina hilo. Lakini mimi leo sijamtaja jirani yeyote. Nimejitaja mwenyewe.

Na sikuja mikono mitupu. Ndani ya kopo hili la biskuti imo filta ya zamani. Fintan aliitupa kwenye ndoo nyuma ya banda anavyotupa kila kitu, na nashukuru kwa uvivu wake kwa mara ya kwanza maishani. Dizeli yote aliyoitumia Nuala tangu mwaka jana imepita humo. Wapime. Iliyobaki ndani ni ya manjano kama asali, haina kijani hata chembe. Na hili ni gudulia langu, ambalo ni kijani tupu. Kama kuna faini, iandikwe Lavelle, na jina liandikwe kwa usahihi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mikono hii, sina la kuficha wala la kupunguza.

Saini: Attracta Lavelle

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya akayathibitisha, isipokuwa mahali pamoja ambapo nilikuwa nimeandika "gari lilipowaka." Alikataa kutia saini hadi nilipoandika "nilipoliwasha gari lile." Nimepokea filta moja na gudulia moja, vitapelekwa kupimwa. Kwa macho yangu, mafuta yaliyo ndani ya filta ni ya manjano. Shahidi alipokuwa anatia saini, Nuala Ginty aliingia kituoni mbio na kudai kuwa shahidi ni mzee, asisikilizwe, na kwamba yeye bado hajui lolote. Shahidi alimjibu bila kuinua kichwa: "Kaa chini, Nuala. Jumamosi spana nilishika mimi."

Sajenti Colm Ruttledge