Mkia wa Ngamia wa Baba

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu Nakiru,

Ejok, hujambo. Hapa Kakuma tuko wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, mdomo hapana. Shangazi yako amerudi Lodwar na mbuzi wangu, anasema nilimpa.

Umeniuliza utangojaje mpaka siku ya kupimwa, tangu daktari wa Eldoret akurudishie tumboni lile yai lililotungishwa nje, na mumeo anakutazama kila asubuhi kama sufuria ya chai.

Nikiwa kijana, baba alimpandisha ngamia wake jike kwa dume. Ngamia akishika mimba, ukimkaribia anainua mkia. Basi nikawa namkaribia asubuhi, mchana, jioni. Mkia chini. Siku moja akanipiga teke, nikakalia miiba.

Baba akacheka. "Kwani mwenye mimba ni wewe?" akaniuliza. "Mwache ale."

Akanipa kipande cha mti nichonge kigoda cha kulalia kichwa. Kilitoka kimepinda, lakini ngamia alipumzika, na mimi pia.

Ndiyo maana wiki hii sikupigii simu, nakuandikia. Mwambie huyo mume mwenzangu atafute mti achonge. Wewe kula, cheka, na ukitaka kulia, lia.

Hapa sokoni nimeshajisifu kwamba mjukuu wangu alidungwa sindano zote zile na hakukimbia. Wananiuliza, "Na mtoto je, mzee?" Nawaambia mimi namsifu Nakiru. Majibu yakitoka ndiyo ama hapana, maneno hayo siyarudishi.

Ni mimi babu yako, mzee Lokwang