Mume Wangu Anatembea Akiwa Amekaa

Shangazi Yustina, shikamoo, niokoe mwenzio, na unisamehe naandika kama ninavyoongea, maana nikianza kupanga maneno nitalia, mume wangu Abeid ni dereva wa bodaboda, anabeba abiria na ndizi kutoka Matombo kuja mjini, na presha yake iko juu, sasa juzi alikwenda kliniki, daktari akamuuliza, "Kaka, unatembea?" naye akajibu, "Natembea sana, kila siku Matombo, kwenda na kurudi," basi daktari akampa hongera akamwambia aendelee hivyo hivyo, na kweli kaendelea, hata msikitini, ambako adhana tunaisikia kama imo jikoni, anawasha pikipiki, nikimwambia daktari alimaanisha kwa miguu ananijibu, "Mwaisha, ile barabara inavyonirusha, nikishuka nimelowa jasho, unataka mazoezi gani tena?" nacheka, lakini naogopa Shangazi, baba yake alianguka na presha kabla ya kuzeeka, kaka yake vivyo hivyo, nataka nimweleze daktari ukweli ila Abeid kasema nikimwaibisha tutakosana, nifanye nini?

Mwaisha, Kichangani

Marahaba, Mwaisha. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika kwa baba na kaka, nikaiweka chai pembeni. Pole, mwanangu.

Abeid hakudanganya. Kwa Kiswahili chetu hata basi linatembea. Lakini hapo inayofanya kazi ni injini. Yeye kakaa kutwa, na jasho lake ni la jua. Mwenye presha anayeshinda amekaa anajiongezea hatari ya kufa mapema. Akitembea kwa miguu siku nyingi za wiki, kwa mwendo wa kumhemesha kidogo, hatari hiyo inapungua. Hata akianza na kidogo, kinasaidia. Na kama kapewa vidonge vya presha, asiache.

Na wewe unangoja ruhusa ya nani? Daktari kapewa habari nusu, anamtibu mtu ambaye hayupo! Usisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni wote, ingia naye mpaka ndani, useme kwa adabu, "Daktari, mume wangu anatembea kwa pikipiki." Halafu nyamaza, umwachie daktari ampangie mwendo unaomfaa.

Nyumbani, ufunguo wa pikipiki ukae kwako akisharudi kutoka kazini. Msikitini aende kwa miguu. Jioni mtoke pamoja mkasalimie ndugu, taratibu kwanza, mwendo utaongezeka wenyewe.

Atanuna, tena sana. Mpakulie chakula, mwache anune. Mume aliyenuna yuko hai.