Mihogo Iliyojiotea Yenyewe

Baraka, 3 Machi 1956

Kaka Casimir,

Unisamehe, sijaandika tangu Noeli. Mutoto alizaliwa, akakataa kulala, na mimi kalamu ikanishinda. Kifua chako kimepona? Sisi tuko. Bwana yangu Jacques bado iko kazini Albertville.

Shida ni shamba. Majani ya muhogo imejikunja, iko na madoa ya manjano, na chini mizizi ni kama kidole. Shamba yote, maana yote nilipanda kwa vijiti vya muti moja wa Mama Mukwe, ule mutamu. Unakumbuka ile mihogo inajiotea yenyewe, mbegu ikianguka? Kila mwanamuke anaing'oa kama majani mabaya. Mimi na tumbo ile ya mutoto sikuweza kuinama, nikaiacha kwa kona moja ya shamba. Mama Mukwe akapita: «Florentine, unalima ama unafuga pori?» Bamama bakacheka njia yote mupaka tukafika ziwani kuchota maji. Sasa ile ya pori, karibu makumi mbili, mingi imekufa nayo. Lakini mitatu iko kijani kabisa. Kwa nini?

Moniteri wa kilimo, ule wa serikali, amesema mwisho wa Aprili kila shamba yenye ugonjwa itachomwa yote. Wewe uko kwenye station, kwa bale banachunguza mimea, uliza. Ile mitatu ikienda, batoto batakula nini mwaka kesho?

Mudogo wako, Florentine

Bukavu, 9 Aprili 1956

Mudogo wangu,

Barua imenikuta muzima, ni baridi ya huku tu inanichokoza. Munibusie mutoto.

Niliuliza. Kijiti ukikata ukapanda, hicho si mutoto: ni muti ule ule umerudi. Shamba yako yote ilikuwa muti moja. Ugonjwa ulipopata njia kwa moja, ukapata kwa yote. Lakini mbegu ni mutoto. Imechukua kwa baba, imechukua kwa mama, na hakuna mbili sawa, kama pua yangu na yako. Ugonjwa haujui kuchagua. Inayoshindwa inakufa, ile inabaki ndiyo inazaa, na kizazi kwa kizazi mihogo inageuka, hakuna muntu aliyeipanga.

Ile mitatu usiikule! Kata vijiti, panda mbali, ngojea. Kwa moniteri sina nguvu. Mimi nafagia na kuandika majina kwenye vibao.

Kaka yako, Casimir

Baraka, 27 Aprili 1956

Kaka,

Tuko wazima, ila na njaa. Mama Mukwe aling'oa moja, akasema batoto habakule maneno ya Bukavu. Ilikuwa chungu hata baada ya kulowekwa siku tatu. Nikamuambia: «Mama, nakuheshimu, lakini ile miwili ukiigusa umenigusa mimi.» Asubuhi mwenyewe akanishikia mutoto nikate vijiti.

Moniteri anakuja kesho kutwa. Naenda kwa shangazi Marthe, Kilembwe. Camion, lori ile ya kubeba pamba, inanifikisha Fizi, kisha ni miguu. Batoto bakubwa batabaki na nyanya yao. Vijiti viko ndani ya kitenge, mutoto juu yake. Bakiniuliza njiani, nimebeba mutoto.

Mudogo wako

Kilembwe, 20 Februari 1957

Kaka,

Nimekawia tena, usikasirike. Uko muzima? Mutoto anatembea, anaangusha kila kitu.

Shamba ya Baraka ilichomwa, hata ile kona. Hapa, vijiti vya muti moja vilijikunja vyote katika juma moja. Vya ule mwingine vimenipita urefu. Tumekula sombe, majani yake machanga, na juzi tumeng'oa mizizi ya kwanza: tamu kiasi, na shangazi Marthe aliomba tena. Mama Mukwe ametuma muntu kuomba vijiti. Bamama banatoka mbali, nawapa.

Lakini silali vizuri, Kaka. Kilima kizima sasa ni muti wangu moja. Tumerudi pale pale! Ugonjwa mwingine ukija? Nawaambia kila mumoja aache kona bila kupalilia, mbegu zijiotee. Banacheka: «Uvivu wake umekuwa dini.» Bacheke. Mimi kona yangu nimeiacha, na nimekataza muntu kuingia na jembe.

Unitumie haya tu, na camion ya kwanza: jembe moja, bila mupini. Chumvi, kilo mbili. Sabuni ya mutoto. Sindano ya kushonea gunia. Na mbegu ya muhogo. Si vijiti: mbegu. Za mama wengi, chungu na tamu pamoja, hata zile munatupa. Konzi mbili.

Mudogo wako, Florentine